Boljointi za Corolla kwenye gari la kujiundia: tazama kwanza springi imekaa wapi

"Assalam aleikum fundi. Ninaunda gari dogo la michezo la viti viwili hapa nyumbani Kisauni, Mombasa. Fremu ni ya bomba za mraba, injini ni 7K na gia boksi yake ya TownAce, na nakadiria likikamilika litakuwa na kilo 650. Mbele nimetumia nako za Corolla 110 (vile vyuma vinavyoshika haba ya gurudumu), nikajitengenezea amu za juu na za chini, yaani mikono ya kuunga nako na fremu. Koilova, yaani springi iliyovishwa kwenye shoki, imekaa kwenye amu ya chini. Chini, kuunga amu na nako, nimefunga boljointi za Corolla zenyewe, juu bado sijaamua. Fundi mmoja wa Changamwe aniambia boljointi ni boljointi, mradi iwe mpya. Rafiki yangu naye asema nitoe zote niweke rodi endi, zile jicho la gololi lenye shina la nyuzi, kama magari ya mbio. Dukani nimeonyeshwa za bei tatu tofauti kwa gari lile lile. Niweke zipi juu, na hizi za chini zitafaa?"

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Wewe wasiwasi wako uko juu, mahali ambapo bado hujaweka kitu. Mimi wangu uko chini, mahali ulipokwisha kufunga. Nitaijibu ya juu pia, lakini kwanza tuitazame hiyo ya chini, kwa sababu ndiyo inayoweza kukulaza gurudumu barabarani.

Neno la fundi wako, kwamba boljointi ni boljointi, ni kweli ukiitazama kwenye kaunta ya duka. Zote zina gololi, kikombe, shina lenye tepa (linalopungua unene kidogo kidogo kuelekea ncha), raba ya kuzuia vumbi na nati. Tofauti iko kwenye kazi iliyoundiwa. Ziko boljointi zinazobeba uzito wa gari, na ziko zinazoshika tu mguu usiyumbe. Za kundi la kwanza zina kikombe kinene na mdomo uliokunjwa kwa nguvu, na nyuso za gololi zinazobeba zimepangwa upande mzigo unakotoka. Za kundi la pili zimetengenezwa kuvumilia kusukumwa kwa ubavu, mbele na nyuma, gari linapofunga breki na kukata kona. Kuvutwa wima siyo kazi yao kuu.

Corolla 110 ina mguu wa MacPherson mbele. Uzito wa gari unashuka kutoka bodi, unapita kwenye sahani ya juu ya shoki, springi, kisha shoki yenyewe, na shoki imefungwa kwenye nako kwa bolti mbili. Kutoka hapo uzito unaingia kwenye haba na tairi. Angalia vizuri njia hiyo: haipiti kwenye boljointi ya chini. Ile boljointi pale inashika mguu tu. Probox, Vitz na Premio ni vivyo hivyo. Ndiyo maana boljointi zao ni ndogo na bei yake ni nafuu, na kwenye magari hayo zinafanya kazi yao vizuri.

Gari lako umelibadilisha njia. Koilova yako inaegemea amu ya chini, kwa hivyo uzito unatoka kwenye fremu, unaingia springi, unaingia amu, unapita kwenye boljointi, ndipo unafika kwenye nako. Mzigo wote wa gurudumu sasa unapita kwenye gololi moja ambayo haikuundiwa kuubeba. Hata ukisogeza koilova karibu na fremu au karibu na gurudumu, boljointi itabeba kiasi kile kile. Kinachobadilika ni nguvu ya springi unayohitaji na jinsi amu inavyopinda.

Mbaya zaidi ni upande wa mzigo. Kwenye Corolla kikombe kimefungwa kwenye amu, shina linaangalia juu na kuingia nako kutoka chini. Kwako springi inaisukuma amu ishuke, na barabara inaisukuma nako ipande. Boljointi iko katikati ya hizo mbili, na zote zinaivuta. Shina linavutwa litoke kwenye kikombe kupitia mdomoni. Kama nako ingekuwa chini ya amu, mzigo ule ule ungeisindilia gololi ndani ya kikombe, na hata ikilika, uzito wa gari wenyewe ungeishikilia isitoke. Ya kuvutwa ikilika inazidi kulegea mdomo, na siku inapoachia inaachia yote: nako inapaa, amu inaanguka, tairi linalala chini ya bawa.

Je, itaachia kesho? Siamini. Gari la kilo 650 lililogawanya uzito nusu kwa nusu linaweka kilo 162 hivi kwa kila gurudumu la mbele, na boljointi hiyo imetoka kwenye gari la tani moja hivi. Lakini hesabu ya kusimama haina maana sana hapa. Tairi likiingia shimo au kupanda tuta kwa kasi, waundaji hukadiria mara tatu ya uzito wa kusimama, yaani karibu kilo 490 za kuvuta kwa ghafla, tena na tena, kwenye mdomo ambao kiwanda hakikuupima kwa kazi hiyo. Juu ya hapo kuna breki. Chukua chesisi ya urefu wa mita 2.3 kutoka ekseli hadi ekseli, uzito umekaa sentimita 45 juu ya ardhi, na breki kali ya 0.9 g, yaani nguvu ya breki ni asilimia 90 ya uzito. Kila gurudumu la mbele litakuwa na kilo 220 hivi, na nguvu ya breki ardhini ni kama kilo 198. Sasa boljointi ya chini ikiwa milimita 200 juu ya ardhi na ya juu ikiwa 420, nguvu inayofika kwenye ya chini haiwi 198. Inakuwa 198 mara 420, gawanya kwa 220, yaani kilo 378 kuelekea nyuma. Ya juu inapata 180 kuelekea mbele. Ya chini inabeba karibu mara mbili ya breki yenyewe, kwa sababu tairi linaipindua nako. Ukiongeza nafasi kati ya boljointi mbili, nguvu hizo zinapungua, kwa hivyo usizikaribishe kwa ajili ya kupata nafasi ya rimu ndogo.

Basi jibu la chini ni hili: usiziache kama zilivyo. Una njia mbili za kweli, na moja ambayo watu wengi huidhania.

Njia ya kwanza ni kuihamisha springi iegemee amu ya juu. Hapo boljointi ya chini inarudi kwenye kazi yake ya kiwandani, kushika mguu, na hizo ulizonazo zinafaa. Tena masikio mawili ya nako ambayo shoki ilifungwa yanarudi kubeba uzito, jambo ambalo yaliundiwa. Amu ya juu ikikaa juu ya bano la nako, yaani kipande utakachofunga kwenye masikio hayo, na shina likaangalia chini, mzigo unaisindilia gololi ndani ya kikombe. Huo ndio mpango salama kabisa kwa boljointi. Gharama yake iko kwenye fremu. Mwisho wa juu wa koilova unapanda sana, na gari lenye pua ya chini halina mahali pa kuuficha. Dawa yake ni kuirefusha amu ya juu ipite ndani ya fremu iwe wenzo, koilova isimame ndani ya pua, lakini hapo amu inakuwa boriti inayopinda na haiwezi kuwa bomba jembamba. Ikiwa fremu yako bado haijapakwa rangi na una mtu wa kukupigia hesabu ya boriti hiyo, ni njia nzuri sana.

Njia ya pili ni kubakisha koilova chini na kubadilisha nako pamoja na boljointi yake, kutoka gari ambalo shoki yake yakaa kwenye amu ya chini tangu kiwandani. Nasema nako na boljointi kwa pamoja makusudi. Tepa, urefu wa shina, pembe na kikombe vilipangwa kama seti, na ukianza kuchanganya unarudi kwenye kubahatisha. Mazda Roadster, ile ambayo ng'ambo inaitwa MX-5, ya vizazi viwili vya kwanza kuanzia 1989, ndiyo inayokaribiana zaidi na gari lako: ina amu mbili mbele, nako fupi, injini mbele na kuvuta nyuma, uzito wa karibu tani moja, na rimu zake ni tundu nne kwenye duara la milimita 100, sawa na Corolla yako. Si gari la kuokota kila pembe hapa kwetu, ila ni gari la Japani, na wanaoleta spea za mtumba kupitia bandarini wanaweza kuagizwa. Mark X, na Mark II za X90 na X100, nazo zina amu mbili mbele na zimejaa mjini, lakini rimu zake ni tundu tano kwenye milimita 114.3, na nako ni nzito kwa gari la kilo 650. Pima pia urefu wa nako kabla ya kulipa. Ile inayoipandisha boljointi ya juu hadi juu ya tairi haitaingia kwenye pua yako.

Ukienda yadi kutafuta, usiulize jina la gari tu. Lala chini uangalie mambo mawili: springi au tosheni ba (fito ya chuma inayosokotwa badala ya springi) inaegemea amu ipi, na shina la boljointi ya amu hiyo linaangalia wapi. Ukishajua hayo, utaweza kuamua wewe mwenyewe hata kama muuzaji hajui.

Njia ya tatu ni ile ya rafiki yako, rodi endi kila mahali. Simlaumu, maana magari ya mbio yanazitumia na zinapendeza kwa macho. Lakini rodi endi imeundwa kuvutwa na kusukumwa kwa urefu wa shina lake lenye nyuzi. Ukiiweka mwisho wa nje wa amu, breki inaipinda shina kwa ubavu, na shina linachoka pale mzizi wa uzi unapoingia nati. Ufa unaanza ndani ya uzi ambako huuoni, na siku ya kukatika hakuna mlio wa kukuonya. Magari ya mbio yanayoonekana na rodi endi nje mara nyingi yana beringi za gololi moja kubwa yenye tundu, zilizoshindiliwa kwenye kikombe kilichochomelewa kwenye amu na kufungwa kwa ringi ya kufyatua, na bolti imeshikwa pande mbili. Hizo ni salama kwa kupinda, lakini pembe yake ni ndogo, kwa kawaida digrii 10 hadi 15 kila upande, hazina raba, na hewa yetu ya chumvi na mchanga wa barabara unazila mapema. Gari la mbio hubadilishiwa beringi baada ya mashindano machache. Wewe wataka kulipeleka Mtwapa na kurudi. Rodi endi ziweke ndani, upande wa fremu, kama unataka urahisi wa kurekebisha, na hata huko bushi nzuri itakupa amani zaidi.

Sasa ya juu. Ukichagua njia ya pili, boljointi ya juu inabaki ya kushika tu, na kazi yake ni nyepesi kuliko ya chini. Ukiwa na nako ya seti, tumia ya seti. Kuna waundaji wanaotumia tairodi endi (kiungo cha mwisho wa rodi ya usukani) ya gari kubwa badala yake, wakaiskrubu kwenye bushi yenye uzi mwishoni mwa amu, ili waweze kurekebisha kemba, yaani mlalo wa tairi kuelekea ndani au nje. Inawezekana, lakini shina liwe nene. Chukua zile kilo 180 za breki na shina lililotokeza milimita 40 nje ya bushi. Shina la M18, yaani unene wa milimita 18, lenye uzi wa 1.5 linapata mkazo wa karibu MPa 170 (MPa ni kipimo cha mkazo) kwenye mzizi wa uzi. La M14 linapata karibu 400, kwa mzigo ule ule. Tofauti ya milimita nne inazidisha mkazo zaidi ya mara mbili. Kwa hivyo M18 au zaidi, litokeze kidogo iwezekanavyo, na angalau kipimo kimoja na nusu cha unene wake kibaki ndani ya uzi. Tairodi endi ya Corolla yenyewe iondoe mawazoni. Na kama springi umeihamishia juu, tairodi endi haina nafasi kabisa. Hapo yatakiwa boljointi ya kubeba uzito, ya kufungwa kwa bolti.

Juu ya ufungaji, boljointi za bolti tatu au nne ndizo rafiki wa mtu anayeunda nyumbani. Unakata bamba la milimita 8 au 10, unatoboa kwa kufuata boljointi yenyewe, unachomelea bamba kwenye amu boljointi ikiwa haipo, kisha unafunga kwa bolti zake za asili au za daraja 10.9. Namba hiyo imeandikwa kichwani mwa bolti, na bolti isiyo na namba usiiweke hapa. Za kushindiliwa zinahitaji kikombe kilichochongwa kwenye lethi kwa kipimo cha kubana, na ukishachomelea kikombe hicho kinakuwa yai, kwa hivyo kichongwe tena baada ya kuchomelea. Jambo moja halina mjadala: usichomelee kamwe ukiwa na boljointi mahali pake, wala "kuipiga tak" ili isilegee. Kitanda cha gololi kwenye boljointi nyingi za sasa ni plastiki inayoyeyuka karibu na digrii 170, na joto la kuchomelea linafika mbali zaidi ya hapo. Utaona boljointi ni nzima kwa nje, ilhali ndani kitanda kimetepeta na grisi imeungua.

Tepa ndipo makosa mengi ya karakana hutokea, nami nitakaa hapo kidogo. Shina la boljointi halishikwi na nati, linashikwa na tepa iliyojaa tundu lake barabara. Nati inavuta tu. Tepa ziko za aina mbalimbali: 1:8, yaani digrii 7.15 kwa pembe nzima, 1:10 ambayo ni digrii 5.7, na 1:6 ambayo ni digrii 9.5. Kwa jicho zinafanana. Chukua kalipa ya kupimia, pima unene wa shina mahali pawili palipoachana kwa milimita 16. Ikiwa juu ni 15 na chini ni 13, tofauti ni 2, na 2 kwa 16 ni 1:8. Kisha pima tundu la nako au la bano kwa njia hiyo hiyo. Baada ya hapo hakikisha kwa rangi: paka shina rangi ya bluu ya kukagulia, au chora mistari minne ya kalamu ya maka kuanzia juu hadi chini, liingize tundu likiwa kavu, lizungushe robo mzunguko, litoe. Rangi iwe imefutika kwenye angalau asilimia 80 ya uso. Ikifutika juu tu au chini tu, tepa hazilingani, na shina litakuwa linacheza ndani ya tundu kila unapofunga breki mpaka shingo ikatike.

Tundu lililolika halirekebishwi kwa kipande cha kopo la soda kilichozungushwa kwenye shina. Naisema kwa sababu inafanywa. Kopo linasagika, nati inalegea, na spliti pini inabaki peke yake kushika gurudumu. Tundu lililopanuka ni nako nyingine, au bushi ya chuma iliyochongwa na mtu wa lethi anayejua anachokifanya. Ukitengeneza bano la juu la kufungia kwenye masikio ya nako ya Corolla, lichongwe kutoka kipande kizima cha chuma cha EN8 au EN24, tepa ikatwe kwa rima (kisu cha kuchongea tundu) ya kipimo, na bolti mbili zipite bila nafasi ya kuchezacheza, maana bano likisogea nusu milimita kemba yako imehama.

Wakati wa kufunga, tepa na tundu viwe vikavu na safi, bila grisi wala rangi. Kaza nati kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari lililotoa boljointi. Nati yenye meno ikifika kipimo na tundu la pini halijalingana, kaza mbele mpaka lilingane. Usiirudishe nyuma. Angalia pia kwamba nati haijaishia kwenye mwisho wa uzi kabla tepa haijabana. Hiyo ni dalili kwamba shina limezama mno, na washa ya kuongezea siyo dawa.

Pembe nayo ipime kabla ya kununua. Amu ya milimita 300 ikipanda milimita 75, inainama digrii 14.5, na ikishuka kiasi hicho, nyingine 14.5 upande wa pili. Boljointi inayofunguka digrii 20 kila upande inatosha, mradi gari likiwa limesimama kwa kimo chake shina liwe katikati ya mdomo wa kikombe. Kwa hivyo bamba la kikombe huchomelewa kwa mlalo unaofuata mlalo wa nako, si sambamba na amu kwa mazoea. Ukishamaliza kuunga kwa muda, toa springi, inua na shusha amu kwa mkono hadi mwisho wote wawili, na kwa kila mwisho geuza usukani kulia na kushoto kabisa. Tazama shina na mdomo wa kikombe kwa tochi. Shina likigusa mdomo, pale limegeuka wenzo na ndipo shingo hupinda. Raba ya kituo cha kupanda na urefu wa shoki wakati wa kushuka lazima vizuie amu kabla ya mguso huo.

Kuhusu zile bei tatu: siwezi kukuchagulia kwa bei, lakini naweza kukuambia cha kushika mkononi. Funga kikombe kwenye jiliwa kwa upole, sukuma shina kwa vidole. Lisogee kwa uzito ulio sawa kila upande, bila kukwama na bila kulegea. Livute na kulisukuma kwa urefu wake, usisikie mchezo wowote. Raba iwe laini, imeshikwa kwa ringi ya waya juu na chini, si iliyobandikwa tu. Namba iwe imechorwa kwenye chuma chenyewe. Boksi lenye jina kubwa si ushahidi, kwa sababu boksi ni rahisi kuiga kuliko chuma. Nunua mbili za kundi moja, kutoka kwa muuzaji atakayekubali uzirudishe ukikuta tepa si sawa. Boljointi ya mtumba usiiweke kabisa, hata kama nako ni ya mtumba. Nako unaweza kuikagua kwa macho na kwa kalipa. Ndani ya boljointi iliyokwishatumika huoni kitu.

Hapa pwani raba ndiyo uhai wa boljointi. Ikipasuka kidogo tu, maji ya mvua yenye chumvi yanaingia, gololi inapata kutu, na kutu inakikwaruza kitanda chake. Kwa hivyo wakati wa kutoa shina usitumie uma wa kupigia unaochana raba. Legeza nati, ibakishe kwa nyuzi chache, kisha gonga ubavu wa jicho la nako kwa nyundo mpaka tepa iachie. Bamba na bolti zipake rangi ya kuzuia kutu, lakini tepa iache.

Mambo matatu yapeleke kwa watu, usiyafanye peke yako. Tepa na vikombe viende kwa karakana ya lethi yenye rima na vipimo, siyo ya kukisia. Viungo vya kuchomelea vya amu vikaguliwe kwa dawa ya rangi inayopenya nyufa, na mchoro wako wa amu uonekane na mhandisi wa mitambo. Technical University of Mombasa ina idara ya uhandisi wa mitambo, na swali lako ni la aina ambayo walimu na wanafunzi hufurahia kulifanyia hesabu. Halafu kabla ya kuliingiza barabarani, lipitie ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na usajili wake uwe sawa, na bima ijue kwamba ni gari la kujiundia.

Gari likishatembea, kaza tena bolti zote za mbele baada ya kilomita 50, kisha uangalie kila kilomita 500 mwanzoni. Namna ya kuinua gari inategemea springi ilipo. Koilova ikiwa kwenye amu ya chini, weka jeki chini ya amu yenyewe karibu na gurudumu, ndipo boljointi inapumzika na mchezo unaonekana. Ukiinua kwa fremu, springi inaweza kuibana boljointi na iliyolika ikaonekana nzima. Ukiwa umehamisha springi juu, inakuwa kinyume: inua kwa fremu na uache amu zining'inie, lakini angalia kwamba shoki ndiyo inayoizuia amu, siyo shina la boljointi. Kisha shika tairi juu na chini ulitikise, mtu mwingine akiwa ameweka kidole kwenye maungio ya kikombe na nako. Kidole hicho kitasikia mchezo mapema kuliko jicho lako.